Karakana Ilipogeuka Ukweni

Mtu yeyote aliyewahi kuoa anajua namna ya kukaa ukweni. Unavaa shati lako jeupe, unakaa kwenye kiti ulichoonyeshwa, mikono juu ya magoti, na hata ukiona paa linavuja hupandi. Unakula ulichoandaliwa, unasifia, unauliza hali ya mifugo. Sadoki Msongole, mtu wa Ileje aliyeoa Ihanda, alikuwa hodari wa mambo hayo kuliko alivyojijua mwenyewe, na huo uhodari ndio uliomtia matatani.

Sadoki ni mhandisi wa mitambo katika kampuni ya Simbeye na Wenzake, pale Tunduma, kampuni inayounda matela, matenki ya mafuta, mapaa ya maghala na madaraja madogo ya chuma. Ana mabega mapana na kicheko kinachosikika mpaka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Shahada yake anayo, tena nzuri, imetundikwa sebuleni. Lakini zamani ukimtafuta ofisini humpati. Ulitakiwa kuinama utazame chini ya tela, ukiona viatu, ndiye yeye. Nati ikigoma kulegea, aliitwa. Fundi wa kuchomelea akichoka, alipokea kazi. Kreni ikisumbua, Osea, ambaye ndiye mwendeshaji wake, aliteremka na kumwachia usukani bila hata kuambiwa. Watu wote walimpenda, naye alipenda kupendwa. Nani asiyependa?

Mwenye kampuni ni Injinia Agnes Simbeye, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia shingoni na ulimi usiochelewa. Yeye alikuwa amechoka kuwa mwenye kampuni na mhandisi mkuu kwa wakati mmoja, akawaambia wajumbe wa bodi watafute mtu wa kukalia hicho kiti cha pili. Wakatangaza, wakafanya usaili, wakampata bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyewahi kuongoza kampuni kubwa kuliko hiyo. Alikuwa mtu safi, mjuzi, msikivu. Agnes mwenyewe alimpenda, na mimi sina baya la kumsema. Tatizo ni kwamba moyo wa Agnes ulikuwa kwa Sadoki, na Sadoki alikuwa chini ya tela.

Akamwita ofisini. Sadoki akaja akijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

"Kaa," Agnes akasema.

"Nitachafua kiti, Mama."

"Ndilo nililokuitia hilo." Agnes akasogeza karatasi zake pembeni. "Bodi inamtaka yule bwana wa Dar. Nimewaomba wasubiri mpaka kiangazi kiishe. Kwa ajili yako."

"Mimi nimefanya nini, Mama?"

"Umefanya kila kitu, mwanangu. Hiyo ndiyo shida. Ulipolazwa kwa malaria mwaka jana, watu wazima walikaa juu ya matairi wakisubiri upone. Nikikupa kiti leo, nitakuwa nimempa kiti fundi mmoja mzuri sana, na kampuni nzima imebaki bila mkuu."

Agnes akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayeuliza mambo ya kupita tu.

"Mkeo Violet aliniambia mashine ya kumenyea kahawa ya baba mkwe wako iliharibika wewe ukiwa umekaa palepale. Ni kweli?"

"Kweli, Mama."

"Ukafanyaje?"

"Nilikaa. Ningefanyaje, na ni ukweni?"

"Nani akaitengeneza?"

"Shemeji zangu. Walihangaika sana, lakini waliitengeneza."

"Iliharibika tena?"

Sadoki akafikiri. "Mpaka leo inamenya."

Agnes akavaa miwani yake ili amwone vizuri. "Basi kuanzia Jumatatu hapa ni ukweni kwako. Uje na shati lilelile jeupe unalokwenda nalo Ihanda. Likirudi nyumbani jeupe, umefanya kazi. Likirudi chafu, umemfanyia mtu kazi yake. Na utalifua mwenyewe, nisisikie Violet amelishika."

Sadoki akacheka. Agnes hakucheka. Basi Sadoki akatoka akiwa amejikunyata, maana alikitaka kile kiti. Alikitaka mpaka akaona haya kukitaka. Huko kwao milimani hakuna mtoto aliyewahi kuitwa mhandisi mkuu wa kitu chochote, na yeye alikuwa amekwisha kulitamka jina hilo peke yake bafuni, kujaribu linavyosikika.

Jumatatu akaingia karakana na shati jeupe, limepigwa pasi, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Dereva mmoja wa Zambia aliyeleta tenki lake kutengenezwa akamwona, akavua kofia kwa heshima zote. "Mwapoleni mukwai, ba shimapepo!" Kwa Kibemba hiyo ni kumwamkia mchungaji. Karakana nzima ikaangua kicheko, na tangu hapo jina likawa Mchungaji. Lile shati halikufika hata chai ya saa nne. Valvu ilikwama, Sadoki akasema anachungulia tu, na alipotoka kule alikochungulia alikuwa na grisi mpaka kwenye mfuko wa kalamu.

Jioni akafua. Violet, mkewe, anauza vitenge sokoni na ni mtu wa utani kwelikweli. Alivuta kigoda uani, akaketi na kikombe chake cha chai, akimtazama mumewe anavyosugua. Majirani wakawa na shughuli nyingi ghafla upande ule wa ukuta.

"Kola bado, Baba Felix," Violet akasema.

"Nimeisugua."

"Sugua tena. Mchungaji gani ana kola hiyo?"

Wiki hiyo ikawa ya aibu tupu. Jumatano Sadoki akapata akili mpya, akavaa ovaroli juu ya shati. Akafanya kazi kwa raha zake, akavua, shati likatoka jeupe, akapita mbele ya dirisha la Agnes akitembea polepole ili aonekane. Agnes akampungia mkono. Kesho yake Sadoki akaenda stoo na kukuta ovaroli zote za saizi yake zimeondolewa kwa amri kutoka juu, zimebaki zile ambazo mguu wake mmoja tu ndio ungeingia. Alisimama pale stoo akishika kiuno, kisha akacheka peke yake, akarudi uwanjani.

Ikabidi asimame. Jamani, kusimama ni kazi. Mikono ilimwasha, aliiweka mfukoni, akaitoa, akaikunja kifuani, mwishowe akajifunza kujishika kifundo cha mkono nyuma ya mgongo. Alipokuwa amesimama hivyo akaanza kuona mambo ambayo ukiwa chini ya tela huyaoni. Aliona kwamba Osea, kazi ikifika pagumu, hutazama pembeni kumtafuta mtu, na akishampata huacha kabisa kufikiri. Aliona kwamba Imelda, mhandisi kijana wa kutoka Vwawa, hupiga hesabu zake vizuri kabisa, halafu hunyamaza mpaka mwanamume mmoja aseme kitu kilekile kwa sauti. Sadoki akakumbuka ni mara ngapi mwanamume huyo alikuwa yeye. Alikuwa akidhani anawasaidia watu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiwanyang'anya kazi huku akitabasamu, na wao wakimshukuru. Jambo hilo lilimuuma, tena lilimuuma kwa siku nyingi.

Akaanza kuuliza. "Wewe unaonaje?" Mwanzoni aliuliza kama askari wa barabarani, watu wakajibu kwa kutetemeka. Violet ndiye aliyemwambia alegeze uso. Akalegeza. Pole pole mafundi wakaanza kumjibu, kisha wakaanza kubishana naye, kisha wakaanza kubishana wao kwa wao bila kumjali, na siku hiyo alirudi nyumbani na shati jeupe pee, akalitundika mlangoni wageni walione.

Hapo ndipo alipoharibu.

Palikuwa na tenki jipya la mteja wa ng'ambo ya mpaka, ambaye alikuwa ameagiza valvu za kushushia mafuta ziwe upande wa dereva. Fundi akaanza kuzichomelea upande wa pili. Sadoki alipita asubuhi akaona. Moyo ukamwambia, sema. Lakini siku hizo alikuwa amenogewa na mambo ya ukweni. Ukweni chai ikija haina sukari unainywa, unasema imetulia. Hukosoi chungu cha watu. Basi Sadoki, mtu mzima mwenye shahada sebuleni, akaitazama ile valvu, akasema, "Hongereni kwa kazi," akapita. Na mchana akapita tena, akapongeza tena. Hadi jioni zote zilikuwa zimeshachomelewa, imara kabisa, upande usiotakiwa.

Mteja alipokuja alizunguka tenki lake, akarudi, akauliza kwa upole kama dereva wake atatakiwa kutokea dirisha la upande wa pili ili azifikie valvu. Ikabidi kila kitu kikatwe na kuanzwa upya. Imelda, aliyekuwa msimamizi wa kazi ile na ambaye siku ya kuchomelea alitumwa Vwawa, alikuja kusimama mbele ya Sadoki akiwa anahema.

"Injinia, uliona?"

"Niliona."

"Uliona ukanyamaza?"

"Mama alisema nijione nipo ukweni."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Imelda akapaza sauti mbele ya wanaume wote. "Sasa mimi nina mkuu wa kazi au nina mgeni wa harusi?"

Agnes alikuwa amesikia. Alianza kucheka akiwa mlangoni, akafika uwanjani bado anacheka, akalazimika kuketi juu ya tairi na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha kicheko kikaisha, uso ukawa mwingine.

"Sadoki. Ukiwa ukweni, nyumba ikashika moto, unakaa kimya?"

"Hapana, Mama. Unapiga kelele."

"Unazima moto mwenyewe?"

"Wenyewe wapo. Unapiga kelele, waje."

"Basi umejijibu. Kelele ruhusa, mikono marufuku. Na Imelda amesema vizuri, mwombe radhi."

Sadoki akamwomba radhi Imelda palepale, mbele ya watu, na haikuwa rahisi. Lakini Imelda naye alibaki amesimama akishangaa sauti yake mwenyewe ilivyofika mbali. Nadhani siku ile watu wawili walipanda cheo, ila hakuna aliyewaambia.

Sasa nifike kwenye daraja, maana ndilo lililokuwa moyoni mwa Sadoki kuliko kiti chenyewe. Kijijini kwao, juu milimani Ileje, kuna kijito ambacho masika hujaa na kutenga shamba na kanisa, na shule na watoto. Alipokuwa mdogo, mama yake, Roda, alimbeba mgongoni kukivuka, sketi imefungwa juu ya magoti, akiimba ili asiogope. Siku moja maji yaliwaangusha wote wawili. Walitoka salama, na Sadoki akiwa analia akamwahidi mama yake kwamba atamjengea daraja. Watoto huahidi mengi. Yeye hakusahau, na mama hakusahau hata kidogo, na katika miaka iliyofuata hakuna mwanamke wa kwaya yao ambaye hakuambiwa.

Kiangazi kile kazi ya daraja hilo ikaangukia kwa Simbeye na Wenzake. Daraja la chuma la waenda kwa miguu, linaundwa Tunduma, linapakiwa kwenye lori, linawekwa kwa kreni. Sadoki aliposikia, alikwenda nyuma ya ghala akarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kisha Agnes akamwita.

"Nani ataongoza kazi ya Ileje?"

Sadoki alijua jibu analolitaka na jibu linalotakiwa, na yalikuwa tofauti. Akaomba apewe mpaka kesho.

Nyumbani hakula vizuri. Violet akamsubiri, akaona hasemi, akamtoa maneno moja moja mpaka yote yakatoka.

"Mama yangu kijijini anasubiri aone mikono yangu juu ya lile daraja," Sadoki akasema. "Ameshawaambia watu wote. Na mimi nimelingoja tangu nina meno ya utoto."

"Imelda analiweza?"

"Analiweza. Michoro ni yake, hesabu ni zake. Analiweza vizuri tu."

"Basi unaumwa nini, Baba Felix?"

"Hapo hapo ndipo panapouma. Kwamba analiweza."

Violet hakumtania usiku ule. Alimmiminia chai, akamkalia karibu. Asubuhi Sadoki akaenda kwa Agnes akasema, "Imelda," akatoka haraka kabla hajabadili mawazo. Kisha akampigia mama yake simu. Alikusudia kumwambia yote, lakini aliposikia ile furaha upande wa pili, ujasiri ukamwisha. "Ndiyo, mama, daraja linakuja," akasema. "Ndiyo, na mimi nakuja." Mengine akayameza.

Siku ya kuweka daraja kijiji kizima kilikuwa ukingoni, kwaya ya akina mama mbele kabisa, wamevaa sare. Agnes alikuwapo na mjumbe wa bodi, Mzee Yesaya, mtu wa maneno machache aliyekuja kuona kwa macho yake huyo anayeshindanishwa na bwana wa Dar. Sadoki akateremka kwenye gari na shati lake jeupe. Mama yake akamkumbatia, akamzungusha mbele ya wenzake kuonyesha shati, kisha akarudi nyuma kumpisha aanze kazi.

Akasubiri. Imelda akavaa kofia ngumu, akawapanga watu, akaonyesha mikanda ifungwe wapi, akampigia Osea filimbi. Sadoki akasimama pembeni, mikono nyuma.

"Mbona hashiki?" mama mmoja wa kwaya akauliza.

"Anapumzika kidogo," Roda akajibu. "Barabara ilikuwa ndefu."

Daraja likanyanyuka. Akina mama wakaguna kwa pamoja kuona chuma chote kile kikiwa hewani. Lilikuwa limefika katikati ya kijito pale Sadoki alipoona mguu mmoja wa kreni, ule wa nyuma upande wa maji, umeanza kuzama kwenye udongo.

"Simamisha!" Kelele yake ilirudi kutoka mlima wa pili.

Osea akasimamisha. Daraja likabaki linaning'inia, likiyumba kidogo. Osea akageuza macho kumtazama Sadoki, na mkono wake ukaanza kufungua mlango wa kreni ateremke amwachie kiti, kama zamani. Sadoki akatikisa kichwa. Osea akafunga mlango.

"Mguu wa nyuma unazama," Sadoki akasema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Imelda, kazi ni yako. Unaonaje?"

Imelda akautazama ule mguu, akatazama daraja, akatazama maji. Sadoki alikuwa na jibu tayari, lote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, limemjaa mdomoni. Akaling'ata. Jasho likamtoka juu ya mdomo na huku Julai ya Ileje inawatetemesha watu ndani ya makoti.

Na hapo ndipo mama yake aliposhindwa kuvumilia. Alisema kwa Kiswahili, wageni wote wasikie. "Sadoki! Unasimama unatazama watoto wa watu wanahangaika? Wamekufukuza kazi? Niambie tu, baba, kama wamekufukuza!"

Kwaya ikatazama chini. Sadoki alihisi masikio yanawaka. Akajishika kifundo cha mkono kwa nguvu, hakugeuka. Aliendelea kumtazama Imelda, na alijitahidi kuutuliza uso wake ili binti yule asione ndani yake haraka yoyote.

"Tunashusha," Imelda akasema hatimaye. "Osea, lirudishe huku, pole pole, liweke chini. Ukingo huu haufai, umeloa kuliko tulivyopima."

"Pale juu pana mwamba," Osea akasema kutoka dirishani. Alitamka kwa kusitasita, maana kuulizwa tu ndiyo kwanza alikuwa anakuzoea, sembuse kusema bila kuulizwa. "Nikikaa pale, mkono wa kreni utafika. Utafika kwa shida, lakini utafika."

Imelda akapanda kwenye mwamba, akapima, akapiga hesabu zake juu ya goti, akapima tena. "Unafika," akasema. "Na chini ya miguu ya kreni tutatandika magogo vilevile."

Ikachukua muda. Watu wakaketi kwenye nyasi, viazi vya kuchemsha vikapitishwa, jua likatoka. Mara ya pili daraja lilipaa likapita juu ya maji bila kuyumba, likashuka juu ya nguzo zake, na bolti zikaingia kwenye matundu yake moja baada ya nyingine. Mafundi wakapiga kelele. Osea aliteremka kwenye kreni akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta, ambaye alikuwa Mzee Yesaya.

Mzee Yesaya akajinasua, akaweka kofia yake sawa.

"Umeona?" Agnes akamuuliza.

"Nimeona mtu amesimama."

"Basi umeona vizuri."

Mzee akamwendea Sadoki, akampa mkono, akautazama ule mkono kabla ya kuuachia. "Yule bwana wa Dar nitampigia mimi mwenyewe kumshukuru," akasema. "Hongera, Mhandisi Mkuu." Na Agnes, ambaye hana desturi ya kumgusa mtu, akamshika Sadoki bega, akageuka upesi kutafuta miwani yake iliyokuwa shingoni palepale. Sadoki alitaka kucheka, badala yake akajikuta anafunga upya kifungo cha kola.

Lakini mama yake alikuwa bado amesimama pale ukingoni, na uso wake haukuwa na raha. Akaja mpaka kwenye daraja, akaweka mguu mmoja, akalijaribu, akaweka wa pili. Akatembea mpaka katikati, akatazama maji chini. Wenzake wa kwaya wakamfuata, wakamzunguka, wakisubiri aseme lile neno alilowaahidi miaka yote hiyo, kwamba mwanawe ndiye mjenzi. Sadoki akapanda darajani kumfuata.

"Mwanangu," Roda akasema taratibu, "nani amelijenga hili?"

Angeweza kusema ni sisi. Angeweza kusema ni kampuni yetu, mama, nami ndiye mkubwa wao tangu sasa hivi, na lingekuwa la kweli, na wale akina mama wangepata walichokifuata. Sadoki akageuka, akamwita Imelda, ambaye alikuwa anafungua kofia yake, uso umejaa vumbi na grisi.

"Huyu hapa, mama. Imelda. Daraja lako amelijenga huyu."

Roda akamtazama mwanawe, shati jeupe kuanzia kola mpaka vifungo vya mikono. Kisha akaishika mikono ya Imelda yote miwili, ile yenye grisi, akaigeuza akatazama viganja, akamwambia neno kwa Kindali, lugha ya kwao, ambalo Imelda hakulielewa, akainua uso na kupiga kigelegele.

Kwaya ikapokea. Wakauliza jina, wakaambiwa, wakalitia kwenye wimbo palepale, Imelda, Imelda, huku wakipiga miguu juu ya chuma mpaka daraja lote likavuma. Vigelegele hivyo Sadoki alikuwa amevisikia akilini tangu utotoni, na katika kuvisikia kwake kote vilikuwa vyake. Akangoja aumie. Maumivu yakaja kidogo, yakapita, na nyuma yake ikaja raha kubwa ambayo hakuwa ameitazamia, mpaka akalazimika kushika bomba la pembeni. Kisha akaliachia, akaanza kupiga makofi pamoja na wengine, na akayapiga mpaka viganja vikawaka moto.